Msome Mnyama Kabla Hujamshika: Mwongozo kwa Wataalamu Wasaidizi wa Mifugo Nyanda za Juu Kusini

Mama mmoja kule Isongole, Rungwe, alinisimamisha mlangoni mwa banda lake nikiwa tayari nimeshika kipimajoto. "Dokta, subiri kwanza. Huyu hajakuona." Ng'ombe wake, chotara wa Friziani, alikuwa ameinamia kihori anatafuna matete. Mimi nilikuwa na wagonjwa wengine watatu wa kuwaona kabla ya saa sita, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara yote matope. Nikampita yule mama, nikaingia kwa nyuma, nikanyanyua mkia. Teke lilinipata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika. Wiki sita nilikaa nimefungwa hogo, na kata nzima ilibaki bila mtu wa kuchanja.

Yule ng'ombe hakuwa mkali. Mama yule alikuwa anamkamua kila siku bila hata kumfunga miguu. Alishtuka tu, kwa sababu kitu ambacho hakukiona kilimgusa mahali ambapo jicho lake halifiki. Tangu siku hiyo nimewashika ng'ombe wengi kuanzia mabanda ya Tukuyu hadi maboma ya Usangu, na karibu kila ajali niliyoisikia kwa wenzangu imefanana na yangu: mnyama alitoa taarifa mapema, au mwenye mnyama aliitoa, na mtaalamu hakusikiliza. Ndiyo maana ninawaandikia vijana mliomaliza astashahada mkapangiwa kata, na nyie mnaojitolea kwenye vituo vya mifugo. Kuchoma sindano mtajifunza kwa wiki moja. Kumsoma mnyama kunataka muda, na muda huo uanze leo.

Kabla hujaingia bandani

Fika, salimia, usikimbilie banda. Ukiwa Njombe au Iringa "kamwene" yako itakufungulia mlango kuliko kitambulisho cha kazi. Huku mnasalimiana, macho yako yawe kwa mnyama. Simama mbali, hatua kumi hivi, umtazame kwa dakika tano kabla hajajua umekuja kwa ajili yake. Hesabu anavyopumua sasa hivi, akiwa ametulia. Ukishamshika atahema kwa hofu, na hesabu utakayopata haitakuambia lolote kuhusu ugonjwa. Angalia kama anacheua, kama amesimama kwa miguu yote minne sawasawa, kama amejitenga na wenzake, masikio yanaelekea wapi.

Kisha uliza. Amezaa lini? Nani humkamua? Hupiga kwa mguu upi? Mara ya mwisho alipochomwa sindano alifanyaje? Anakula? Anatoa mate? Swali la mguu upi wengi hawaliulizi, na wenye ng'ombe wote wanalijua jibu lake. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hupiga zaidi akiguswa upande unaouma, na ng'ombe aliyezaa jana anaweza kukushambulia hata kama mwaka mzima alikuwa anakulamba mkono.

Angalia na sakafu. Huku kwetu, hasa Rungwe na Busokelo ambako mvua haituachi, banda lina utelezi wa kinyesi na matope. Ng'ombe anayehisi miguu inateleza anaingiwa na hofu kubwa kuliko ya sindano yako. Omba majivu, pumba za mbao au majani makavu yamwagwe anaposimama na unaposimama wewe. Mwisho, tafuta njia yako ya kutokea. Mlango ukiwa unafungwa kwa waya kwa nje, mtu akae pale. Usikubali kamwe kubaki kwenye kona, nyuma ukuta, mbele mnyama wa kilo mia nne.

Anavyoiona dunia

Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, kiasi cha nyuzi 330 kati ya 360. Sehemu asiyoiona ni nyuma yake kabisa, pamoja na nafasi ndogo mbele ya pua. Lakini kuona kote huko hakumpi uwezo mzuri wa kupima kina. Kivuli cha nguzo chini anaweza kukidhani shimo. Dimbwi linalomeremeta, koti lililoning'inizwa ukutani, mfuko wa nailoni unaopepea kwenye uzio, vyote vinamsimamisha. Macho yake pia huchelewa kuzoea giza, kwa hiyo ukimtoa kwenye jua kali kumwingiza kwenye banda jeusi atagoma mlangoni. Kumchapa hakutampa macho. Fungua dirisha au ondoa bati moja pembeni, mwanga uingie, utamwona anaingia mwenyewe.

Sauti za juu anazisikia kuliko sisi, na zinamsumbua. Bati likigongwa, lango la chuma likipigwa, mtu akipiga mluzi au akifoka, moyo wake unakwenda mbio. Harufu nayo ina kazi yake: ovaroli yako yenye dawa inamwambia umetoka kwa wagonjwa. Nimeona ng'ombe wanaomjua mtaalamu kwa ovaroli, wakaanza kurudi nyuma kabla hajashuka kwenye pikipiki. Ana kumbukumbu ndefu. Ukimuumiza leo bila sababu, atakayelipa ni yule atakayekuja kumpandikiza mbegu mwezi ujao.

Eneo lake na bega lake

Kila mnyama ana duara lake. Ukilivuka anaondoka, ukirudi nje yake anasimama na kukugeukia. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, amefanya kazi kubwa ya kueleza jambo hili, lakini wachungaji wetu walilijua zamani kwa miguu yao. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa kwa mkono kule Kiwira duara lake ni dogo sana, unaweza kumgusa. Ng'ombe wa asili wa Usangu anayemwona mtu mgeni mara mbili kwa mwaka, duara lake ni mita nyingi. Lipime kwa kumsogelea polepole: akinyanyua kichwa na kukukazia macho, uko ukingoni. Simama hapo, rudi nusu hatua, subiri ashushe kichwa.

Bega ndilo mizani yake. Ukisimama nyuma ya bega kwa pembeni ukasogea, anakwenda mbele. Ukisogea mbele ya bega, anarudi nyuma au anageuka. Kwa kujua hilo tu unaweza kumpeleka ng'ombe kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya miti ya kumzuia asigeuke, bila fimbo. Kosa ninaloliona kila siku kwenye majosho ni mtu kusimama mbele ya ng'ombe anamvuta kamba, huku mwingine yuko nyuma kabisa, mahali asipoonekana, anasokota mkia. Mmoja anamwambia rudi, mwingine anamwambia nenda, na ng'ombe anachagua kuruka.

Mwili wake utakuambia yanayofuata. Masikio yanayocheza polepole na kichwa kilicho usawa wa mgongo ni utulivu. Kichwa kikinyanyuka juu ya mgongo na weupe wa jicho ukaanza kuonekana, ana hofu. Mkia unaopigwapiga haraka wakati hakuna nzi ni kero, na kero ikizidi teke linafuata. Kinyesi chepesi cha ghafla mara tu ulipomgusa ni hofu pia, usikiandike kwenye kitabu kama kuhara. Akihamisha uzito kwenye mguu mmoja wa nyuma, ule mwingine ameuweka huru. Huo ndio wa kuuangalia.

Kumkaribia

Mwenye mnyama asimame kichwani, upande uleule utakaofanyia kazi wewe. Kwa nini upande uleule? Kwa sababu akivuta kichwa kuja kwake, kiuno cha ng'ombe kinakwenda mbali nanyi nyote wawili. Akisimama upande wa pili, atakapovuta, matako yanakujia wewe.

Njoo kwa pembeni, uelekee begani, kwa mwendo wa kawaida. Usinyate. Mnyama anayewindwa hunyatiwa, na ng'ombe analijua hilo bila kufundishwa. Ongea. Maneno hayana maana kwake, lakini sauti ya chini isiyokatika inamwambia uko wapi muda wote. Yule mama wa Isongole alikuwa akimsemesha ng'ombe wake kwa Kinyakyusa, na niliporudi baada ya hogo kutolewa nilimwomba asimame kichwani aendelee hivyohivyo mpaka nimalize. Nilimaliza bila ng'ombe kunyanyua mguu.

Mguso wa kwanza uwe begani au shingoni, kwa kiganja kizima, kwa uzito. Mguso mwepesi wa vidole anauhisi kama nzi na ngozi itaruka. Ukishamgusa usiutoe mkono: utelezeshe kupitia mgongoni hadi kiunoni, mwili wako ukiwa umemwegemea. Ng'ombe hapigi kama punda. Mguu wake wa nyuma unakuja mbele kidogo, kisha unazunguka kwa nje na nyuma. Anayeumia ni yule aliyesimama umbali wa mkono mmoja, teke linapokuwa na nguvu zote. Kwa hiyo kaa karibu kabisa, ubavu wako kwa ubavu wake, au kaa mbali kabisa.

Kule Kitulo na Makete, asubuhi za Juni na Julai majani yanapokuwa meupe kwa baridi, pasha mikono yako na chuma cha kifaa cha kusikilizia moyo kabla ya kumgusa kiwele au kifua. Ni jambo dogo lililoniepusha na mateke mengi.

Kumfunga na kumzuia

Kanuni yangu ni moja: tumia kizuizi kidogo kinachotosha, na ukitumie kwa muda mfupi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na ukiweka sheria pembeni, mnyama aliyebanwa kupita kiasi hupigana zaidi.

Kibanio cha mbao kinachofaa ni chembamba kiasi kwamba ng'ombe hawezi kugeuka, kina mti wa kumzuia kwa nyuma juu ya magoti, na mbele kina nafasi ya kushika shingo. Wafugaji wengi hawana. Miti ya mikaratusi minne na mafundi wawili kinajengwa kwa siku moja, na mimi huwahimiza wafugaji watano wa jirani wajenge kimoja cha pamoja. Kikiwepo, usipitishe mkono kati ya mti na shingo ya mnyama hata kwa sekunde moja. Akijisukuma, mkono unabaki pale.

Kama hakuna kibanio, kamba ya kichwani inatosha kwa kazi nyingi. Fungia kwenye nguzo imara, usawa wa magoti yake au juu kidogo, kamba iwe fupi. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja: usipitishe ncha ya kamba yote, pitisha kitanzi chake, ncha ibaki inaning'inia. Mnyama akianguka na kujinyonga, unavuta ncha hiyo na yuko huru. Nimeona mtamba mzuri akifa huko Mufindi kwa sababu fundo lilikuwa limekazwa na panga halikuwepo karibu. Usimfunge kamwe shingoni kwa kitanzi kinachokaza.

Kwa sindano ya haraka au kumpima, kunyanyua mkia kunasaidia sana. Shika kwa mikono miwili karibu kabisa na shina, unyanyue wima, taratibu lakini kwa nguvu moja, huku umesimama pembeni ya kiuno chake. Ukishika katikati au ukaukunja kwa hasira, utavunja vifupa vyake. Dakika mbili au tatu, kisha uachie.

Koleo ya pua ni ya mwisho kwenye orodha yangu, kwa mnyama ambaye kichwa chake lazima kitulie kabisa. Kingo zake ziwe laini, na mwenye kuishika asivute mfululizo: abane anapopigana, alegeze anapotulia. Hivyo mnyama anajifunza kwamba utulivu unamletea nafuu.

Kumlaza kwa kamba ni ufundi unaostahili kufanyiwa mazoezi kwa maksai mpole kabla ya siku ya hatari. Unahitaji kamba ya mita kumi hadi kumi na mbili na mahali penye nyasi, pasipo sementi wala mawe. Kwanza funga kitanzi shingoni kwa fundo lisilokaza: tengeneza kitanzi kidogo kwenye kamba, ncha ipitishe ndani yake kwa chini, izungushe nyuma ya kamba ndefu, uirudishe ndani ya kile kitanzi, uvute. Lijaribu hapohapo, likisogea, fungua uanze upya. Pili, peleka kamba mgongoni, izungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, uipitishe chini ya kamba yenyewe juu ya mgongo. Tatu, fanya vivyo hivyo tumboni mbele ya kiwele, ukikwepa mshipa mkubwa wa maziwa. Kwa dume, kwepa uume. Nne, watu wawili wavute kamba kwa nyuma, sawia na mgongo, bila kushtua, huku mtu wa kichwani akikigeuzia kichwa upande anaotakiwa kulalia. Miguu itakunjika yenyewe. Mtu wa kichwani akandamize shingo mara moja, maana ng'ombe huanza kuinuka kwa kutupa kichwa.

Ng'ombe mwenye mimba kubwa usimlaze. Na aliyelazwa kwa ubavu asikae hivyo muda mrefu, kwa sababu gesi ya tumboni inashindwa kutoka na tumbo linajaa. Maliza kazi, mgeuze akae kwa kifua.

Sindano na chupa

Sindano ya msuli ni shingoni, ndani ya ile pembetatu iliyo mbele ya bega. Choma sindano peke yake kwanza. Mnyama akiruka, anaruka na sindano, haruki na bomba pamoja na mkono wako. Akitulia, unganisha bomba, vuta kidogo uone kama kuna damu, kisha sukuma dawa. Kabla ya kuchoma, pigapiga mahali pale kwa ngumi mara mbili tatu ili mchomo usimshtue.

Dawa ya kunywesha imeua ng'ombe wengi kuliko wafugaji wanavyodhani. Mtu ananyanyua kichwa juu kabisa, anavuta ulimi nje, anamimina chupa nzima. Dawa inaingia kwenye mapafu, na baada ya siku chache ng'ombe anakufa kwa nimonia huku lawama wakitupiwa minyoo bure. Pua isinyanyuliwe kupita usawa wa mgongo. Usivute ulimi. Ingiza mdomo wa chupa ya plastiki pembeni, palipo na pengo lisilo na meno, mimina kidogo, subiri ameze. Akikohoa, achia kichwa papo hapo.

Kipimajoto kifungwe uzi wenye kibanio cha nguo ukibane kwenye nywele za mkia. Joto la ng'ombe mkubwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.3. Aliyekimbizwa juani atasoma zaidi, kwa hiyo mpe nafasi apumzike kivulini kabla hujasema ni ndigana, ile homa ya kupe.

Anayetoa mate

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Wilaya zetu zina viazi na maparachichi. Ng'ombe hukabwa na kiazi, naye hutoa mate, hunyoosha shingo, hushindwa kumeza. Kila mfugaji wa Uporoto anaijua hali hiyo, na wengi watakuambia moja kwa moja: "Dokta, amekabwa, weka mkono utoe." Lakini ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa naye hutoa mate na kushindwa kumeza, kwa sababu koo limepooza. Virusi viko ndani ya mate hayo, na mkono wako wenye mkwaruzo wa mti wa chai au wa waya ni mlango wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kiganja kuingia mdomoni, uliza: kuna mbwa aliyepita hapa wiki au miezi iliyopita akauma watu au wanyama? Ng'ombe ameanza kulia kwa sauti isiyo ya kawaida, nzito, mara kwa mara? Anayumba miguu ya nyuma? Anakutazama kwa ukali ambao hakuwa nao? Aliyekabwa kwa kawaida tumbo lake la kushoto hujaa haraka, kwa sababu gesi haitoki, na mara nyingi utapapasa uvimbe wa kiazi kwa nje ya shingo. Usipouona uvimbe, na jibu la swali lolote hapo juu likawa ndiyo, usiweke mkono. Mfungie mbali na watu, wazuie wasinywe maziwa yake, mpigie simu daktari wa mifugo wa wilaya. Hata unaposhawishika ni kiazi, vaa glovu ndefu.

Tahadhari kama hiyo ni ya mzoga uliokutwa umekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja, mwili haukukakamaa vizuri. Huo uhesabu kuwa kimeta. Usiupasue, usiruhusu mtu achune ngozi, hata wakikuomba kwa machozi. Toa taarifa.

Fahali, na ng'ombe wa maboma

Fahali wa maziwa aliyelelewa peke yake kwa chupa ndiye mnyama hatari kuliko wote ninaowajua. Hamwogopi mtu, anamwona mwenzake, na akifikisha umri wa kupanda anataka kupima nani mkubwa. Vitisho vyake vina mpangilio: kwanza anasimama ubavu kwako, mgongo ameupinda, anajionyesha ukubwa. Kisha anashusha kichwa, macho yanatoka, anakwangua ardhi, ananguruma chini chini. Akijionyesha ubavu tu, wewe umeshachelewa kuondoka. Rudi nyuma polepole ukiwa unamtazama, usimpe kisogo, usikimbie mpaka uwe na uzio karibu. Fahali asishikwe na mtu mmoja, na mtoto asitumwe kumpeleka majini.

Kule Mbarali na Pawaga kazi ni ya kundi. Usimtenge mmoja peke yake. Ng'ombe aliyetengwa na wenzake huchanganyikiwa na huruka uzio wa miiba. Waingize watatu wanne, umtibu mmoja wengine wakiwa wanamwona. Muache mchungaji aongoze. Ana miluzi yake na majina yao, na kijana wa miaka kumi na mitano wa boma atakufundisha kuhusu tabia za lile kundi mambo ambayo hukusomeshwa darasani.

Nguruwe

Mbeya na Songwe tuna nguruwe wengi, na vijana wengi wanawadharau. Nguruwe ana akili, ana meno, na dume lina pembe za mdomoni zinazochana paja. Anasukumwa kwa ubao: mbao pana usawa wa kifua chake, unausogeza mbele yako. Akiona ukuta anageuka; akiona upenyo kati ya miguu yako, anaingia. Usimburute kwa masikio.

Mkubwa anashikwa kwa kitanzi cha kamba kwenye taya la juu, nyuma ya meno ya pembeni. Atavuta kurudi nyuma na kusimama hapo akipiga kelele ambazo zitajaza mtaa, na wewe fanya kazi yako haraka. Dakika chache tu, kisha kitanzi kifunguliwe.

Kelele za kitoto ndizo zinazoleta ajali. Jike akisikia mwanawe analia atavunja mlango kukufuata. Kabla ya kuwachoma watoto sindano ya madini ya chuma, watenge na mama yao, mlango katikati yao uwe imara, ikiwezekana wapelekwe mbali asikowasikia. Mshike kitoto mguu wa nyuma, umkumbatie kifuani mara moja. Akihisi ameshikiliwa mwili mzima ananyamaza.

Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa ya kuitibu, na sisi wenyewe tunaweza kuwa ndio tunaoipeleka kutoka banda hadi banda. Anza na mabanda yenye afya, malizia na yenye wagonjwa, safisha mabuti ya mpira kwa brashi na dawa ya kuua vijidudu kila unapotoka. Ukiwa na shaka ya ugonjwa huo, siku hiyo usiingie banda jingine.

Mbwa

Siku za chanjo, hasa kuelekea Septemba 28 ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uwanja wa shule unajaa mbwa waliofungwa kwa katani, waya, hata mkanda wa suruali. Wengi hawajawahi kufungwa maishani. Wapange mbali mbali, mita tatu au zaidi kati yao, ikiwezekana kivulini. Mtoto asimshike mbwa wakati wa kuchoma. Mwombe baba au kaka yake, na kama hakuna mtu mzima, mshikishe mwenzako.

Mbwa anayenguruma amekufanyia hisani, ameongea. Wa kuogopa ni aliyekakamaa, mdomo umefungwa, anakutazama bila kupepesa. Anayelamba midomo, kupiga miayo na kugeuza uso pembeni ana wasiwasi na anaomba nafasi, mpe. Simama ubavu, usimkazie macho, usimwinamie kichwani. Kumfunga mdomo chukua bendeji au ukanda wa kitambaa: kitanzi juu ya pua ukaze, vuka chini ya taya, kisha funga nyuma ya masikio. Usimfunge anayetapika, anayepumua kwa shida, wala aliye na joto kali.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukizipima kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Usiweke mafuta wala majani. Na wewe unayefanya kazi hii kila siku, omba ofisi yako ikupatie chanjo ya kinga kabla ya kuumwa. Ni haki yako, idai.

Wengine kwa ufupi

Kondoo usimshike kwa manyoya, anachubuka chini ya ngozi. Mkono mmoja chini ya taya, mwingine kwenye paja. Mbuzi mshike pembe kwenye shina, si nchani. Punda akisimama kimya usidhani ametulia, mara nyingi amekakamaa kwa hofu, na teke lake linakwenda nyuma moja kwa moja. Paka mfunike taulo nzito au kitenge, toa nje ile sehemu unayoitaka tu. Kuku wachanje mdondo jioni, mwanga ukiwa hafifu, wakiwa wametulia kwenye vichanja.

Baada ya kazi

Ukijichoma sindano kwa bahati mbaya, usinyamaze kwa aibu. Chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba ina vijidudu hai vinavyoweza kumpa mtu ugonjwa, na zipo dawa za ng'ombe, tilmikosini ikiwa mojawapo, ambazo zikiingia mwilini mwa mtu huweza kuusimamisha moyo. Nenda hospitali na chupa ya dawa mkononi. Kondo la nyuma lililokwama usiliguse bila glovu ndefu, na dada zetu wajawazito wasiifanye kazi hiyo kabisa.

Kisha kaa kwenye jiwe, utoe daftari. Pamoja na joto, dawa na dozi, andika tabia ya mnyama. Kwenye daftari langu ukurasa wa yule ng'ombe wa Isongole umeandikwa hivi: "Mweusi, baka jeupe kwenye paja la kushoto. Hupiga mguu wa kulia. Asipokuona huruka. Ingia kwa upande wa dirisha. Mama asimame kichwani na aongee." Mwenzangu aliyenipokea kata ile aliusoma kabla hajakwenda kumpandikiza mbegu. Alinipigia simu jioni kuniambia amemaliza, na kwamba mama ananisalimu.